Si kila bunduki kuukuu ni ya Mjerumani: namna ya kusoma alama zake

Tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Vita Kuu ya Kwanza kumalizika Ulaya, jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki lilisalimisha silaha zake mjini Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, kaskazini mwa Zambia. Walikuwapo Wazungu 155 na askari Waafrika 1,168, mbali na wapagazi na wanawake waliofuatana na jeshi. Walikabidhi bunduki 1,071. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, aliandika baadaye katika kumbukumbu zake kwamba bunduki hizo zilikuwa za Kiingereza na za Kireno.

Yaani jeshi la Mjerumani lilimaliza vita likiwa limebeba bunduki za maadui zake.

Tunaanzia hapo kwa sababu ya swali linalorudi kila tunapozungumzia vita hivyo hewani. Mtu anasema kuna bunduki ya Mjerumani imefukuliwa shambani, au imekutwa darini kwa babu. Je, ni ya kweli? Je, ina thamani? Kuanzia Kilimanjaro hadi Ruvuma, kila chuma cha zamani huitwa cha Mjerumani: daraja la Mjerumani, boma la Mjerumani, hazina ya Mjerumani. Na jina hilo likishatajwa, bei nayo hupanda. Anatokea mtu mwenye simu na picha, anataja mamilioni, anaomba pesa kidogo ya kumleta mnunuzi kutoka mjini.

Bunduki ya kijeshi yenyewe ina majibu. Majeshi hayakuacha silaha bila maandishi. Kiwanda kiliandika jina lake, mkaguzi akapiga muhuri, serikali ikaweka taji, kikosi kikaweka namba. Bunduki ilipochakaa au kupitwa na wakati na kuuzwa, muuzaji naye aliongeza chapa yake. Anayejua kusoma alama hizo anaweza kusema bunduki imetengenezwa wapi, mwaka gani, na imepita kwa nani. Anaweza pia kugundua anapodanganywa.

Kwanza, usiiguse

Kabla ya habari ya alama, kuna mambo mawili ambayo hatuwezi kuyapita.

La kwanza ni usalama. Bunduki iliyokaa ardhini miaka mia inaweza kuwa bado na risasi ndani, na risasi ya zamani inaweza kulia. Usivute kitu, usigonge, usimpe mtoto aishike, usiitie mafuta ya taa ili kulegeza kutu. Kama umeikuta ardhini, huenda kuna risasi nyingine au kombora chini yake, kwa hiyo acha kuchimba.

La pili ni sheria. Tanzania ina sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi, na Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Kote kuwili, kukaa na bunduki bila kibali ni kosa. Kuwa ni ya babu, au kwamba ina kutu na haipigi, si kibali. Toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji au polisi kata, na kwa upande wa Kenya kwa chifu au kituo cha polisi. Serikali zimekuwa zikitangaza vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, na tangazo kama hilo husomwa redioni.

Wale watozaji wa bunduki kuukuu unaowasikia, wanaolipa fedha nyingi, wako zaidi Ulaya na Marekani, na hununua kwa vibali na kwa wauzaji waliosajiliwa. Bunduki iliyofukuliwa Namtumbo haina njia halali ya kuwafikia kupitia mtu wa simu. Na zile habari za zebaki nyekundu kufichwa ndani ya silaha za zamani ni uongo mtupu.

Alama hukaa wapi

Bunduki nyingi za kijeshi za wakati ule ni za bolti, yaani zina chuma chenye mkono unaovutwa nyuma na kusukumwa mbele ili kuingiza risasi. Mbele ya bolti, mahali mtutu unapoungana na mwili wa bunduki, kuna chuma kinene cha mviringo. Tukiite shingo. Kwa bunduki za Kijerumani na nyingi zilizoiga muundo wake, shingo ndiyo ukurasa wa kwanza: juu yake kuna taji au nembo, jina la kiwanda na mwaka. Ubavuni kushoto kuna jina la muundo. Namba ya bunduki hupigwa kwenye shingo na mtutu, na kwenye bolti pia.

Kisha kuna kitako. Mbao hupokea mihuri ya wakaguzi, na mara nyingi kitako kina kisahani cha chuma au cha shaba ambacho kikosi kiliandika namba zake. Kwa bunduki za Kiingereza za wakati huo mambo ni tofauti kidogo: maandishi makuu yako upande wa kulia, kwenye pete ya chuma inayoshika kitako, chini ya mahali mkono wa bolti unapolala.

Bunduki ya moshi

Vita vilipoanza Agosti 1914, askari wengi wa Mjerumani hapa Afrika Mashariki walikuwa na bunduki ya Mauser ya muundo wa 1871. Ilikuwa na umri wa miaka 43 tangu ibuniwe. Ilipiga risasi moja moja, nene, ya milimita 11, kwa baruti nyeusi. Kila ukipiga, wingu la moshi hupanda na adui anajua uko nyuma ya kichaka kipi.

Kwa nini askari wa dola tajiri walipewa silaha hiyo? Kwa sababu ilikuwa masalia. Jeshi la Ujerumani lilikuwa limebadilisha bunduki zake mwaka 1888 na tena mwaka 1898, likabaki na maghala yaliyojaa za zamani, na makoloni yakawa mahali pa kuzipeleka. Huo ndio mwendo wa silaha kuukuu hadi leo: nchi moja ikipata mpya, za zamani hutafuta watu maskini zaidi wa kuzibeba.

Utaitambua kwa herufi zilizopigwa ubavuni, I.G.Mod.71, maana yake bunduki ya askari wa miguu, muundo wa 71. Zimeandikwa kwa yale maandishi ya Kijerumani cha zamani, yenye kona na mikia, kama yaliyomo katika Biblia za wamisionari wa kwanza. Tazama pia jina la mji chini ya taji: Spandau, Amberg, Danzig au Erfurt, viwanda vya serikali, au Oberndorf, kwao akina Mauser wenyewe. Nyingine zilitengenezwa Steyr, nchini Austria. Kwa hiyo hata hapo, "ya Mjerumani" yaweza kuwa na chapa ya Austria.

Ile mpya, ya muundo wa 1898, ina magazini ya risasi tano iliyofichwa ndani ya mbao na hutumia risasi nyembamba zaidi, ya milimita 7.92, isiyo na moshi mwingi. Ubavuni huandikwa Gew. 98, kwa herufi zile zile za kale. Shingoni kuna taji, kiwanda na mwaka.

Sehemu ya hizi mpya zililetwa kwa meli za kupenya kizuizi cha Waingereza baharini. Meli ya Rubens, iliyojifanya ya Denmark kwa jina la Kronborg, ilifika ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, Aprili 1915. Ilishambuliwa na manowari ya Kiingereza ikaishia kwenye maji mafupi, lakini Wajerumani waliopoa sehemu kubwa ya shehena. Risasi zilizolowa maji ya chumvi ilibidi zifunguliwe, baruti ikaushwe, zifungwe upya. Mwezi Machi 1916 meli nyingine, Marie, iliingia ghuba ya Sudi karibu na Lindi ikiwa na silaha na risasi. Mizigo hiyo ilibebwa bara kwa vichwa na mabega ya watu.

Namba peke yake haisemi kitu

Hapa ndipo matapeli wengi hupatia riziki. Mtu anatuma namba, tuseme 4512, na kudai "imehakikiwa Ujerumani". Haiwezekani, na sababu ni rahisi.

Kila kiwanda cha Kijerumani kilianza kuhesabu upya kila mwaka. Kilihesabu hadi 10,000, kisha kikarudi mwanzo na kuongeza herufi ndogo: a, halafu b, na kuendelea. Kwa hiyo Spandau wangeweza kuwa na 4512 isiyo na herufi, 4512 a na 4512 b ndani ya mwaka mmoja, na Erfurt wakawa na zao, na mwaka uliofuata zote zikarudi tena. Ili kuitaja bunduki moja tu, unahitaji vitu vinne kwa pamoja: kiwanda, mwaka, namba na herufi yake. Kikikosekana kimoja, unazungumzia kundi zima.

Vipande vidogo, hadi skrubu, vilipigwa tarakimu mbili za mwisho. Bunduki ikiwa na 12 kila mahali, imebaki na viungo vyake vya kuzaliwa, na watozaji hulipa zaidi kwa hiyo. Ikiwa bolti ina 77 na mtutu una 12, fundi wa jeshi alitoa bolti kwenye bunduki iliyovunjika akaokoa nyingine. Watozaji hushusha bei. Sisi tungeipenda zaidi hiyo ya pili, maana imefanya kazi.

Kuna pia namba za kikosi. Ukikuta kitu kama 12.R.3.45, usidhani ni siri ya hazina. Ni rejimenti ya 12, kombania ya 3, bunduki ya 45. Sajini alihitaji kujua nani kapoteza bunduki, basi.

Taji na unyayo wa kuku

Mwanzoni mwa Novemba 1914 Waingereza walishuka Tanga na jeshi kubwa kutoka India, wakapigwa, wakapanda meli tena. Waliacha mamia ya bunduki za kisasa, bunduki za rashasha na risasi zaidi ya nusu milioni. Askari wa Lettow-Vorbeck walizikusanya, na kombania kadhaa zikaachana na bunduki ya moshi siku hizo hizo. Kwa hiyo tangu mwezi wa nne wa vita, bunduki ya Kiingereza ilikuwa tayari pande zote mbili za mstari.

Bunduki hiyo ni jamii ya Lee-Enfield. Ile fupi iliyoenea zaidi, ya mwaka 1907, ina magazini ya risasi kumi inayochomoza chini, mbele ya kifyatuo, na risasi yake ni ile ambayo wazee huiita "thrii-o-thrii". Tazama ile pete ya chuma upande wa kulia. Juu kuna taji na herufi za mfalme. V.R. ni Malkia Victoria, aliyefariki Januari 1901. E.R. ni Edward wa Saba, 1901 hadi 1910. G.R. ni George wa Tano, aliyeanza 1910, na baadaye George wa Sita. Chini yake kuna kiwanda: ENFIELD, au B.S.A. Co. ya Birmingham, au L.S.A. Co. ya London, au LITHGOW ya Australia. Ukiona ISHAPORE, imetengenezwa India, karibu na Kolkata, na herufi za mfalme huwa G.R.I. kwa sababu huko alihesabiwa mfalme mkuu wa dola. Bunduki za Ishapore za baada ya uhuru hazina taji. Zina simba wa Ashoka, nembo ya India. Kisha hufuata mwaka na muundo, kwa mfano SHT.L.E. III. Kukiwa na nyota baada ya III, ni ile iliyorahisishwa wakati wa vita ili itengenezwe haraka.

Alama tunayoipenda zaidi ni ndogo: mshale mpana wa mistari mitatu, unaofanana na unyayo wa kuku. Ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Huwekwa kwenye bunduki, na vilevile kwenye mapipa, mahema na hata vijiko vya jeshi. Ukikuta mishale miwili inatazamana, ncha kwa ncha, serikali imeiuza au kuitoa. Alama hiyo ya pili ndiyo cheti cha silaha ya ziada. Bunduki yenye mshale mmoja tu haikutoka jeshini kwa njia rasmi, au aliyeitoa hakujali kuipiga muhuri.

Askari wa Keya, yaani King's African Rifles, nao walibeba bunduki za familia hii. Ndiyo maana bunduki ya Kiingereza iliyookotwa kusini mwa Tanzania inaweza kuwa ya Keya aliyefia hapo, ya askari wa Mjerumani aliyeiteka Tanga, au ya polisi wa miaka ya 1930. Chuma kitakuambia Birmingham 1913. Hakiwezi kukuambia ni nani kati ya hao watatu. Hilo hutafutwa kwenye mahali ilipookotwa, vitu vilivyokuwa kando yake, maganda ya risasi, na kumbukumbu za wenyeji. Aliyeichimba haraka na kuikimbiza mjini ameshaipoteza nusu ya habari.

Ya Berlin, ya mfalme wa Ureno

Kuna bunduki moja inayowachanganya watu kuliko zote, na hiyo inastahili maelezo marefu kidogo.

Ubavuni imeandikwa kwa herufi kubwa jina la kiwanda cha Kijerumani, Deutsche Waffen- und Munitionsfabriken, Berlin. Mtu akisoma "Berlin" huishia hapo: ya Mjerumani. Lakini geuza macho uangalie shingo. Kuna taji, na chini yake herufi C iliyosukwa na I. Huyo ni Carlos wa Kwanza, mfalme wa Ureno, aliyeuawa mwaka 1908. Ureno ilibuni bunduki yake mwaka 1904 kwa kuchanganya muundo wa Mauser na mawazo ya ofisa wake Vergueiro, ikaagiza zitengenezwe Berlin, na risasi yake ni ya milimita 6.5, nyembamba kuliko ya Mjerumani. Mwaka 1910 Wareno walimwondoa mfalme wakawa jamhuri, lakini taji likabaki kwenye chuma, maana hakuna aliyekuwa na muda wa kuzipiga upya bunduki zote hizo.

Tarehe 25 Novemba 1917, mwaka mmoja kamili kabla ya siku ile ya Abercorn, Lettow-Vorbeck alivuka mto Ruvuma akiwa karibu kuishiwa risasi. Alishambulia kambi ya Wareno huko Ngomano, mahali mto Lugenda unapoingia Ruvuma, akaiteka siku hiyo hiyo. Alipata mamia ya bunduki, rashasha sita na risasi kama robo milioni. Bunduki za zamani zisizo na risasi ziliachwa, na askari wakabeba za Kireno.

Kwa hiyo fikiria bunduki moja: imechongwa Berlin, ina taji la Ureno, imeletwa Msumbiji kupigana na Wajerumani, na mwisho ikabebwa na askari wa Mjerumani, pengine Mnyamwezi au Mmanyema, hadi Zambia. Ukiuliza "ni ya nani?" kila alama ina jibu lake, na yote ni kweli. Kwa wenzetu wanaoishi kando ya Ruvuma, hii ndiyo bunduki ya kwanza ya kuifikiria, kabla ya kusema Mjerumani.

Mbelgiji naye ana Mauser yake, ya mwaka 1889, yenye jina la kiwanda cha Herstal. Kiwanda hicho, kinachojulikana hadi leo kwa herufi FN, kilianzishwa mwaka huo kwa ajili ya kutengeneza bunduki hiyo. Jeshi la Kongo ya Mbelgiji liliingia Tabora Septemba 1916, hivyo upande wa magharibi alama ya Herstal haipaswi kumshangaza mtu.

Na gobore je?

Gobore la kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu si la ukoo huu, lakini nalo mara nyingine lina chapa. Kama ni la mhunzi wa kijijini, halitakuwa na kitu. Kama lililetwa na wafanyabiashara kupitia Zanzibar, tafuta duara la yai lenye herufi ELG na nyota ndogo chini yake. Ni muhuri wa mji wa Liège, Ubelgiji, ambako mitutu ilijaribiwa kabla ya kuuzwa. Kuanzia mwaka 1893 juu ya yai hilo liliongezwa taji. Bila taji, mtutu ni wa kabla ya hapo. Na ukisoma neno TOWER chini ya taji, usikimbilie kusema Mnara wa London. Mafundi wa Liège waliliiga neno hilo kwa sababu wanunuzi wa Afrika waliliamini.

Kwa nini magobore yalijaa kwetu wakati Ulaya ilikuwa imeshayaacha? Jibu moja liko kwenye Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890. Mataifa ya Ulaya yalikubaliana kuzuia bunduki za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, kwa maelezo kwamba zinachochea biashara ya watumwa. Magobore ya kawaida na baruti yake yaliweza kuruhusiwa. Serikali za kikoloni zenyewe hazikujizuia. Miaka 15 baadaye, katika vita vya Maji Maji, tofauti hiyo ilikuwa wazi kwenye kila uwanja wa mapigano.

Chapa za uongo

Katika mji wa Darra Adam Khel, nchini Pakistan, mafundi wamekuwa wakiiga bunduki za Kiingereza kwa mkono kwa vizazi kadhaa, pamoja na mataji na majina ya viwanda. Kazi yao ya chuma ni ya kustaajabisha. Tahajia huwaangusha. Utakuta herufi N imegeuzwa nyuma, ENFIELD imekosewa, au V.R. na mwaka 1919, wakati malkia ameshakuwa kaburini miaka 18. Kanuni ya kukagua ni hiyo hiyo kwa bunduki yoyote: taji, mwaka na muundo lazima vikubaliane. Mfalme hawezi kupiga muhuri kabla hajatawazwa, na muundo wa 1907 hauwezi kuwa na tarehe ya 1899.

Udanganyifu wa karibu zaidi na sisi hauhitaji ufundi. Ni kuchukua msasa, kufuta alama ya Kiingereza, kisha kusema "ilikuwa ya Mjerumani ila imefutika". Mahali palipofutwa huonekana: panang'aa au pamebonyea kuliko jirani yake.

Wengi wenu mnaijua pia Mark Four, bunduki ya Kiingereza ya Vita vya Pili iliyokaa muda mrefu mikononi mwa polisi, walinzi wa wanyamapori na, huko kaskazini mwa Kenya, askari wa akiba. Baadhi yake zina maneno U.S. PROPERTY, yaani mali ya Marekani. Marekani haikuwahi kulipa jeshi lake bunduki hiyo. Iliitengenezea Uingereza kwenye kiwanda cha Savage chini ya mpango wa kukopeshana silaha wa mwaka 1941, na sheria ya mpango huo ilitaka mali ibaki, kwa jina, ya Marekani. Zilizoandikwa LONG BRANCH ni za Kanada.

Alama mpya juu ya za zamani

Kazi ya kuandika chuma haijaisha. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, iliyosainiwa na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, inazitaka serikali kuziwekea alama silaha, zikiwemo za vyombo vyao wenyewe, ili ikipatikana kwenye ujambazi au wizi wa mifugo ijulikane imetoka ghala gani. Ndiyo maana polisi huichukulia bunduki iliyofutwa namba kuwa jambo zito kuliko iliyoota kutu.

Kwa hiyo ukikuta bunduki ya zamani, usisugue kwa brashi ya waya wala msasa. Kutu huficha alama, lakini msasa huziua kabisa, na mtaalamu wa makumbusho ana njia za kuiondoa kutu bila kugusa kilicho chini. Iache mahali pake, weka alama ya jiwe au kijiti hatua kadhaa kutoka hapo, zuia watoto, na uende kutoa taarifa.

Polisi wakishahakikisha ni salama, waombe afisa utamaduni wa wilaya ajulishwe, na simulia yale ambayo chuma hakiwezi: palikuwa wapi hasa, kina gani, upande gani wa mto au njia ya zamani, nini kingine kilikuwapo, na wazee wa hapo walipaitaje. Jina la zamani la mahali limewahi kusaidia kuliko namba ya bunduki. Picha za silaha msitutumie kwenye namba ya studio. Hatuwezi kuzihakiki, na hatutaki simu yako au yetu igeuke soko. Masimulizi ya mababu waliobeba bunduki hizo, au waliobeba mizigo ya waliozibeba, hayo tunayapokea kila siku ya kipindi.